Nyumba Alikokulia Kiongozi: Ushahidi wa Mwitongo, Butiama

Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Usama bin Zayd (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.), msafara ulipokuwa unaikaribia Makka, kama atafikia katika nyumba yake. Mtume (s.a.w.) akamrudishia swali: je, Aqil amewaachia nyumba yoyote? Abu Talib alipofariki, waliomrithi ni Aqil na Talib, kwa kuwa wakati huo walikuwa bado hawajasilimu. Ali na Jaafar (r.a.) hawakurithi kitu, kwani walikwishakuwa Waislamu, na Muislamu hamrithi asiye Muislamu. Nyumba zikapita mikononi mwa watu wengine. Mtume (s.a.w.) hakudai hata ukuta mmoja, akataja kuwa kituo chao kitakuwa Khayf Bani Kinana.

Wanafunzi wa fiqhi huisoma hadithi hii katika mlango wa mirathi, au katika suala la kuuza na kukodisha nyumba za Makka, kisha wakapita. Lakini ndani yake imo pia habari ya tarekhe. Al-Azraqi, mwandishi wa Akhbar Makka, anatueleza yaliyoipata nyumba aliyozaliwa Mtume (s.a.w.): ilikuwa mikononi mwa Aqil na wanawe, ikaingia katika milki ya Muhammad bin Yusuf, ndugu yake Hajjaj, hadi Khayzuran, mama yake Harun ar-Rashid, alipoitenga na kuifanya msikiti. Mwaka 1370 Hijria likajengwa hapo jengo la maktaba, nalo linajulikana kuwa Maktaba ya Makka. Nyumba moja imekuwa mali ya warithi, kisha sehemu ya kasri la mtu mkubwa, kisha msikiti, kisha maktaba. Kila aliyeishika aliitaka iseme jambo fulani.

Nimeitanguliza habari hii kwa sababu hapa kwetu Tanzania kuna nyumba ambayo nayo imesemeshwa mengi, na wanafunzi wetu wa tarekhe hawajaizoea kuiangalia kwa jicho la elimu. Wengine huitaja kwa mapenzi, wengine kwa chuki, na wote wawili huruka kazi ya kwanza ya mwanahistoria, ambayo ni kuuliza: shahidi huyu ni nani, ameona nini, na anamshuhudia nani? Nyumba hiyo ni ya Mwitongo, katika kijiji cha Butiama, mkoani Mara, alikozaliwa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere tarehe 13 Aprili 1922.

Tuanze na jina, maana jina ni ushahidi pia. Mwitongo ni neno la Kizanaki lenye maana ya mahali palipokuwa na makazi ya kale yaliyohamwa. Msomaji wa Kiswahili asilione geni: tunasema tongo na matongo, na watu wa pwani husema mahame au ganjo. Waarabu wana talal, wingi wake atlal, na kila aliyesoma mashairi ya Jahiliya anajua kwamba mshairi wao hakuwa akianza kasida yake mpaka kwanza asimame kwenye atlal za watu aliowapenda, ayatazame majivu ya meko na alama za mahema. Basi Burito, baba yake Mwalimu, aliweka mji wake juu ya matongo ya waliotangulia. Mtoto alizaliwa mahali ambapo jina lake lenyewe linasema kwamba watu waliwahi kuishi hapo, wakaondoka.

Burito alizaliwa mwaka 1860, wakati viwavi walipoivamia nchi, na ndiyo sababu akaitwa Nyerere, maana Kizanaki huita viwavi hao nyerere. Jina ambalo leo limo katika viwanja vya ndege na barabara lilianza kama kumbukumbu ya janga la mashamba. Mwanawe naye kwanza aliitwa Mugendi, yaani mtembezi, kisha kwa ushauri wa mganga wa kikabila likabadilishwa kuwa Kambarage, jina la pepo wa mvua. Hii ilikuwa nyumba ya dini ya jadi. Wala Msikiti wala Kanisa havikuwa vimeingia mlangoni mwake, na Burito aliishi na kufa katika mila za wazee wake.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea. Husemwa kwamba Mwalimu alikuwa mtoto wa mtemi, na msikilizaji akafikiri habari ya ufalme wa karne nyingi, mfano wa Kabaka wa Buganda au Mukama wa Bunyoro. Wazanaki ni kabila dogo, nao walikuwa wamegawanyika katika sehemu nane zisizokuwa na mtawala mmoja. Burito aliwekwa kuwa mtemi na Wajerumani mwaka 1915. Waingereza walipoichukua nchi, wakamwacha katika cheo hicho. Kwa hiyo mtoto alipozaliwa mwaka 1922, utemi wa baba yake ulikuwa na umri wa miaka saba tu. Ulikuwa ni utemi wa kukusanya kodi na kuitikia wito wa Bwana Shauri. Ulimpa mtoto kitu kimoja kikubwa, nacho ni njia ya kwenda shule, haukumpa kasri.

Ndani ya mji huo palikuwa na zizi la ng'ombe, na katikati nyumba ya msonge ya Burito mwenyewe, na kuzunguka zizi zimejengwa nyumba za wake zake. Wake hao walifikia 22. Wa tano kati yao ni Mgaya wa Nyang'ombe, aliyezaliwa mwaka 1892 na kuolewa mwaka 1907 akiwa na umri wa miaka 15. Alizaa watoto wanane, wanne wa kiume na wanne wa kike, wawili wakafa wachanga. Kambarage alikuwa wa pili. Alikulia katika nyumba ya mama yake, akisaidia shamba la mtama, mahindi na muhogo, na akichunga mbuzi na ng'ombe pamoja na vijana wenzake.

Lugha ya Kiarabu inatusaidia kuipambanua hali hii kuliko Kiswahili, kwa kuwa sisi tuna neno moja la nyumba na tunalibebesha kila mzigo. Waarabu wana bayt, na wana dar. Bayt ni pale mtu anapolala usiku, kutokana na baata. Ama dar, wanalugha wameirudisha kwenye shina la kuzunguka, kwa kuwa watu huzunguka na kuhangaika ndani ya eneo lake. Ndiyo makazi yote kwa ujumla, nyumba na uwanja wake. Mwitongo ilikuwa dar ya Burito. Lakini bayt ya Kambarage ilikuwa ya Mgaya. Ukitaka kuifahamu nyumba ya utotoni ya Mwalimu, huna budi kuuliza ni ipi kati ya hizi mbili inayozungumzwa. Tutaona baadaye kwamba suala hili si la kamusi tu.

Mwezi Februari 1934, akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, alipelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma. Husimuliwa kwamba Mtemi Ihunyo wa Busegwe, rafiki wa Burito, ndiye aliyehimiza mtoto apelekwe shule baada ya kuiona akili yake katika mchezo wa bao. Ni khabari nzuri, na huenda ni kweli. Lakini hata bila ya bao, serikali ya Waingereza ilikuwa ikiwahimiza watemi wapeleke watoto wao wa kiume shule ili wapatikane watawala wadogo wanaojua kusoma. Vijana wenzake waliochunga naye mbuzi hawakwenda. Tuwakumbuke vijana hao tunapoitaja nyumba hii, kwa sababu nao walikulia hapo, na hakuna aliyewauliza.

Leo Mwisenge ni kata ya Manispaa ya Musoma kama ilivyo Iringo, na mtu wa mjini huzipita bila kufikiri. Kwa mtoto wa mwaka 1934 ilikuwa ni nchi nyingine. Masomo yalikuwa kwa Kiswahili, na yeye alitoka kwao na Kizanaki tu; Kiswahili alijifunzia hapo shuleni. Msomaji wa pwani, ambaye Kiswahili alikinyonya kwa mama na akaandikiwa ubaoni chuoni kwa herufi za Kiarabu, ana sababu ya kulitafakari hili. Mtu aliyekuja kuitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alianza kujifunza lugha hiyo akiwa na miaka kumi na mmoja. Nyumba ya utotoni haikumpa lugha aliyoitawalia nchi.

Wala haikumpa dini aliyokufa nayo. Akiwa Mwisenge alikuwa akitembea na mwanafunzi mwenzake hadi misheni ya Nyegina, ya mapadri wa White Fathers, kwenda kufundishwa. Baba yake hakupendezwa. Alimaliza Mwisenge mwaka 1936, akafaulu kuliko wanafunzi wote wa jimbo lake, akaenda shule ya serikali ya Tabora. Mwezi Machi 1942 Burito akafariki. Kijana aliomba ruhusa ya kwenda kumzika baba yake, shule ikakataa. Ukubwa wa mji akaushika kaka yake, Edward Wanzagi. Tarehe 23 Desemba 1943 ndipo Kambarage alipobatizwa na kuitwa Julius, mwaka mmoja na nusu na zaidi baada ya baba kuondoka. Sitaki kudai kwamba alikuwa akisubiri kifo hicho. La moyoni halihukumiwi. Lakini mpangilio wa tarehe ni wenyewe unasema.

Mwezi Oktoba 1952 alirudi kutoka Edinburgh na shahada yake. Akapanda treni hadi Mwanza, akavuka kwa meli hadi Musoma, akaenda kwao, na huko akajenga nyumba ya matofali ya udongo kwa ajili yake na mchumba wake, Maria. Wakafunga ndoa Musoma tarehe 24 Januari 1953. Naitaja nyumba hii ya pili kwa sababu wapo wanaoichanganya na ya kwanza. Nyumba za miti, udongo na nyasi hazidumu. Ya Mgaya ya mwaka 1922 imekwenda na mvua zake. Majengo anayoyaona mgeni wa Mwitongo leo ni ya baadaye: nyumba za familia, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999, na jengo la kaburi. Nyumba yenyewe ya utotoni haipo tena, na lililobaki kwa mwanahistoria ni maelezo ya watu. Na mwenye maelezo mengi kuliko wote ni Mwalimu mwenyewe.

Hapa ndipo penye uzito. Mwaka 1962 Mwalimu aliandika kijitabu chake juu ya Ujamaa kuwa msingi wa siasa ya Kiafrika. Hoja yake haikusimama juu ya vitabu vya Ulaya, bali juu ya maisha ya jadi: kwamba katika jamii ya wazee wetu kila mtu alikuwa mfanyakazi, hakuna mtu mzima aliyekaa bure akala jasho la mwenzake, na kwamba jamaa ilimhifadhi mjane na yatima. Hakuitaja Mwitongo kwa jina, lakini wanahistoria walioandika juu ya utoto wake wameona, na ni vigumu kuwapinga, kwamba mji ule wa nyumba zilizozunguka zizi moja ulichangia picha aliyokuwa nayo. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na mwaka huohuo maandishi yake ya Ujamaa Vijijini. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na hadi mwaka 1976 mamilioni ya watu walihamishwa, baadhi kwa ushawishi na wengi kwa nguvu, wakaacha nyumba zao, miembe yao na makaburi ya wazee wao. Nchi nzima ikajaa matongo.

Kwa hiyo suala la nyumba ya utotoni ya kiongozi si la mapambo. Kumbukumbu ya nyumba inaweza kuwa dalili ya sheria, na sheria ikaja kuvunja nyumba za watu wengine. Ndiyo maana inatupasa kuupima ushahidi.

Na fiqhi yetu imetupa mizani. Jumhuri ya wanazuoni, akiwemo Imamu Shafii (rahimahullah), hawaukubali ushahidi wa mtoto kwa manufaa ya mzazi wake, wala wa mzazi kwa manufaa ya mwanawe, hata kama shahidi ni muadilifu. Wachache waliukubali, miongoni mwao Muzani, mwanafunzi wa Shafii mwenyewe. Sababu ya kuukataa si kwamba shahidi ni muongo. Sababu ni tuhuma, yaani mwelekeo wa moyo ambao muadilifu naye hasalimiki nao. Lakini katika madhehebu yetu, mtoto akishuhudia jambo lililo dhidi ya mzazi wake, ushahidi wake unapokewa, kwa kuwa tuhuma imeondoka. Mwenye kusema lisilowapendeza watu wake hana pato analolifuata.

Tuiweke mizani hii juu ya Mwitongo. Mwalimu anaposema kwamba jamii ya jadi ilimlisha kila mtu na haikuwa na mnyonyaji, huyo ni mtoto anayeishuhudia dar ya baba yake kwa wema. Hatumwiti muongo. Tunasema ushahidi huu peke yake hautoshi, unahitaji wa pili. Mtoto wa mtemi, katika mji wenye ng'ombe na wake 22 wanaolima, hakuiona jadi kutoka mahali alipoiona mtoto wa maskini wa Busegwe au Buhemba. Na kama tungewaita wake wenyewe waje kushuhudia, tusingejua kwa hakika kila mmoja angesema nini juu ya nani alilima na nani alikula.

Lakini katika Ujamaa Vijijini ya mwaka 1967, Mwalimu huyohuyo alikiri kwamba maisha ya jadi yalikuwa na kasoro mbili kubwa. Moja ni umaskini, kwa kuwa usawa ule ulikuwa usawa wa watu wenye kidogo. Nyingine ni hali ya wanawake: walifanya kazi kupita wanaume, nyumbani na shambani, bila ya kupata hadhi iliyolingana na kazi yao. Huu ni ushahidi dhidi ya nyumba. Huu unapokewa. Na kwa maoni yangu, huyu aliyeshuhudia mara ya pili si mtoto wa dar ya Burito, ni mtoto wa bayt ya Mgaya, aliyemwona mama yake akiamka kabla ya jua. Aliyaandika mwenyewe, na waliotekeleza Operesheni Vijiji waliushika ushahidi wa kwanza wakauacha wa pili: watu walikusanywa, lakini jembe lilibaki mikononi mwa mwanamke yuleyule.

Si kila kiongozi ana nyumba ya aina hii. Mzee Ali Hassan Mwinyi alizaliwa Kivure, Mkuranga, tarehe 8 Mei 1925, na baba yake akampeleka Unguja angali mdogo, kwa nia asome dini. Shule aliisoma Mangapwani, kisha Dole. Kwa mtu kama huyu nyumba ya kuzaliwa na nyumba ya malezi ni mbili mbalimbali, na wanafunzi wa vyuo vyetu wataielewa hali hiyo bila ya maelezo, kwa kuwa wengi wao wamelelewa nyumbani kwa mwalimu kuliko kwa wazazi. Aliandika habari zake mwenyewe katika kitabu kilichotoka mwaka 2021. Alipofariki tarehe 29 Februari 2024, hakuzikwa Kivure alikozaliwa, alizikwa Mangapwani. Mzee Mkapa alirudishwa Lupaso mwaka 2020, na Rais Magufuli Chato mwaka 2021. Mzee Karume, ambaye kwao hutajwa Mwera, alizikwa Kisiwandui, makao makuu ya chama chake, mwaka 1972. Kaburi nalo ni kauli ya mwisho juu ya wapi ni nyumbani, ingawa mara nyingi anayeitoa si maiti bali ni walio hai.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Mwitongo tarehe 23 ya mwezi huo. Wazazi wake wako hapo hapo: Burito, ambaye mwanawe alizuiwa kuja kumzika, na Mgaya, aliyeishi hadi mwaka 1997 na kumwona mwanawe akiwa rais kisha akistaafu. Mwaka 2004 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuwaenzi Waasisi wa Taifa, inayowahusu Mwalimu na Mzee Karume, na kuhifadhi kumbukumbu zao kukawa jukumu la dola. Machi 2008 Halmashauri Kuu ya CCM ikafanya kikao chake Butiama, na ajenda kubwa ilikuwa muafaka wa Zanzibar. Mahali pamoja na jina lake vikatumika kutia uzito katika jambo la siasa. Mwaka 2012 Butiama ikawa wilaya.

Katika kuhifadhi alama za waliotangulia, Masahaba wenyewe walikuwa na njia mbili. Abdullah bin Umar (r.a.) alikuwa akizifuatilia sehemu ambazo Mtume (s.a.w.) alisali njiani kati ya Makka na Madina, na Bukhari amezitaja moja baada ya moja kwa kupokea kwake. Baba yake, Amirul-Muuminina Umar (r.a.), aliposikia watu wanauendea mti uliosemekana kuwa ndio wa Baiatu Ridhwan na kusali hapo, aliamuru ukatwe, kama alivyopokea Ibn Saad kutoka kwa Nafi. Mtoto na baba, na wote ni wa kufuatwa. Ibn Umar alihifadhi mahali ili habari isipotee; Umar alikata mti ili watu wasipotee. Anayetunza makumbusho ana haja ya wote wawili.

Ama mwanafunzi anayetaka kwenda Mwitongo kwa utafiti, na ningependa waende, ajue kwamba anakwenda mahali penye hukumu mbili. Makumbusho ni katika zile nyumba zisizokaliwa ambazo mtu ana haja yake ndani, zilizotajwa katika aya ya 29 ya Surat An-Nur, na kuziingia hakuna ubaya kwa utaratibu uliowekwa. Lakini hatua chache kutoka hapo ni makazi ya familia, nayo yamo katika aya ya 27 na ya 28: hayaingiwi mpaka mtu aombe idhini na awasalimu wenyewe, na akiambiwa arudi, arudi.